Walijua Kabla Sijaingia

Mfaranyaki, Songea
Ijumaa, saa tisa alasiri

Kandida mwanangu,

Salamu nazirukia, maana tumeshaamkiana asubuhi, na haijapita hata nusu saa tangu unipite hapa uani ukikimbilia Majengo kurudisha funguo za steshenari. Naandikia kwenye meza ya chakula. Mama yako anadhani najaza fomu za mbolea ya ruzuku, na mimi nimemwacha adhani hivyo. Naandika haraka, kwa hiyo herufi nyingine utazikisia. Kesho alfajiri pale stendi, ukipanda basi la kwenda kwenye usaili wako Dodoma, nitakupa bahasha hii mkononi. Nakuomba usiifungue mbele yangu. Ifungue basi likishatoka mjini.

Habari za sketi, viatu vya kufunika vidole, vyeti halisi na nakala zake, cheti cha kuzaliwa na nywele za kubana, mama yako amezisema tangu Jumatatu na ataendelea kuzisema mpaka dereva apige honi. Mimi sina la kuongeza. Nikianza na mimi kukuhubiria viatu nitakuwa nakwepa, maana jambo ninalotaka kukuambia ni baya na nimelizunguka wiki nzima.

Nianze na hadithi unayoijua. Usaili wangu wa Mbeya. Umeisikia mpaka unaweza kunisahihisha nikikosea: jinsi nilivyotoka kijijini kule Hanga na shati la kuazima, jinsi jina langu lilivyokuwa la tisa kwenye karatasi ya ukutani lakini nikaitwa wa kwanza. Jinsi yule mama mwenyekiti wa jopo, mama mnene mwenye sauti ya upole, alivyoniuliza, "Nyumbani umewaachaje?" Nami, badala ya kujibu kama mtu aliyemeza mwiko, nikasema, "Wote wazima, mama. Mama yangu mzazi ana nguvu za kulima kunishinda, ndiyo maana nimekimbilia ofisini." Mzee mmoja akavua miwani akaifuta. Nikaulizwa maswali mawili mengine mepesi, na kabla sijatoka nikaambiwa nimepata kazi ya kutunza stoo. Gari la ofisi likanipeleka mpaka stendi, mimi nimekaa mbele, nikawapungia mkono wenzangu waliokuwa bado wamekaa kwenye benchi wakisubiri zamu zao.

Na mwisho wa hadithi huwa nasema, tena nikiwa nimenyoosha kidole: "Watu wa usaili ni watu. Anza na utani kidogo wa nyumbani, watakupenda." Ndiyo urithi nilioupa nyumba hii.

Wewe uliutumia. Mwaka juzi, mara yako ya kwanza kufika kwenye mahojiano ya ana kwa ana Dodoma, walipokuambia ujitambulishe ukawatania kuhusu baba yako mstaafu anayehesabu magunzi ya mahindi kana kwamba yumo stoo. Hawakucheka. Mmoja akatazama saa, mwingine akasema, "Tuendelee na swali la pili." Baada ya hapo maneno yakakukauka, ukatoka bila kukumbuka umejibu nini. Uliporudi ulikaa chumbani siku tatu. Mama yako alipoingia na uji nilikusikia ukimwambia, "Nilifanya kama baba alivyonifundisha." Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta, nimekaa kitandani na soksi moja mguuni. Nilipaswa kuingia. Sikuingia. Nilivaa soksi ya pili nikaenda shambani.

Sasa nikupe nusu ya hadithi ambayo hukuwahi kuisikia.

Nilipoondoka Hanga Jumanne ile, mama yangu, bibi yako unayebeba jina lake, alikuwa anaumwa kifua. Si sana, ndivyo tulivyodhani. Alikaa mlangoni akanifunga kifungo cha shati cha juu, akasema nisile vya njiani. Usaili ulikuwa Alhamisi asubuhi. Mama alifariki Jumatano usiku.

Baba mdogo Oswini, unamkumbuka, yule aliyekuwa akikuletea mihogo, alikwenda parokiani kuomba simu. Akaipigia ile ofisi ya Mbeya. Akawaambia: kijana wetu yuko hapo kwa ajili ya usaili, mama yake amefariki, tunaomba aanze yeye ili awahi kurudi. Na tafadhali msimwambie. Mwacheni afanye kwanza.

Hivyo ndivyo jina la tisa lilivyokuwa la kwanza. Yule mama aliponiuliza nyumbani nimewaachaje, alikuwa ameshaambiwa kwamba mama yangu amelazwa chini, amefunikwa shuka jeupe. Sijui kwa nini aliniuliza. Labda swali lilimtoka tu kwa mazoea. Nami nikamjibu kwa mbwembwe kwamba mama yangu ana nguvu za kunishinda. Fikiria watu wanne wamekaa mbele ya kijana anayesema maneno yale. Mzee aliyevua miwani hakuvutiwa na ucheshi wangu, Kandida. Alikuwa anafuta machozi.

Swali la pili lilikuwa: kazi ya mtunza stoo ni nini? Hapo pia nina la kusema, maana hata jibu lile halikuwa langu. Pale kwenye benchi nilikuwa nimekaa karibu na kijana mmoja wa Tukuyu, ameshika daftari, ameshafanya kazi ya stoo kwenye kiwanda cha chai. Aliniona nina hofu, akanieleza kwa moyo mweupe jinsi mzigo uliotangulia kuingia unavyotangulia kutoka, jinsi kadi ya kila bidhaa inavyojazwa, na kwamba mtunza stoo hampi mtu kitu kwa sababu ya sura yake. Nikaingia nikayamwaga yote kama yangu. Swali la tatu lilikuwa: unaweza kuanza lini? Nikasema hata kesho. Mzee wa miwani akasema, "Hapana, nenda kwanza nyumbani. Njoo ukiwa tayari." Nikaona hawa ndio wakubwa wenye utu.

Yule wa Tukuyu ni mmoja wa niliowapungia mkono. Alinipungia naye, huku anacheka. Jina lake sikuliuliza.

Nilirudi Songea nikiwa na kilo ya sukari na kanga ya kumpelekea mama. Kutoka mjini nikapata lori la mahindi lililokuwa linaelekea Namtumbo. Njia panda ya kijijini nikakuta watu niliokua nao. Rafiki yangu mmoja akanishika mkono akawa hauachii. Nikawaambia nimepata kazi. Wakasema hongera. Bibi mmoja akaniambia pole na safari, halafu akarudia tena, pole na safari, pole sana, na mimi nikamcheka kwamba Mbeya si Ulaya. Hakuna aliyeniambia. Walikuwa wameshakubaliana, kijiji kizima, kwamba niambiwe nikishafika na nikishakaa.

Nikapita njia ya migombani nikipiga kelele, "Mama! Wamenichukua! Mama!" Nikapiga kelele mpaka uani. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka. Hawakuweza kunisubiri, walikuwa wamemzika jana yake.

Sijawahi kukusimulia hilo kwa sababu sijawahi kulisimulia kwa mtu. Mama yako anajua kwamba nilikuta msiba. Zile kelele zangu hazijui.

Nilimwuliza baba mdogo kwa nini. Akasema, "Tungekwambia, ungefanya usaili gani?" Watu wote waliokuwepo wakaitikia, ndiyo, kweli. Na mimi nikaona kweli. Unajua kwetu hapa ndivyo tulivyo. Mtu akiwa kwenye mtihani, akiwa safarini, akiwa na mimba changa, haambiwi. Akiwa mbali anaambiwa mgonjwa amezidiwa, njoo, kumbe mgonjwa ameshazikwa. Tunaona ni huruma. Mimi mwenyewe nimeshawafanyia watu hivyo, nimepiga simu za namna hiyo kwa sauti ya kawaida kabisa, nimeuliza na hali ya hewa. Hata jirani yako wa chuoni, yule msichana wa Mbinga aliyefiwa na kaka yake wakati wa mitihani ya mwisho, ni mimi niliyekukataza usimwambie. Ulitaka kumwambia. Wewe ulikuwa sahihi.

Kwa hiyo nilizika hasira pamoja na mama, nikaenda kazini. Nikajisemea: angalau nilishinda. Nilifanya vizuri chumbani mle, peke yangu, bila kubebwa na mtu, na mama angefurahi.

Miaka kumi na miwili nilikaa na hilo. Halafu yule mzee wa miwani akastaafu, tukamfanyia sherehe ndogo ofisini, soda na kuku. Akanivuta pembeni, amefurahi, anataka kunionyesha jinsi tulivyotoka mbali. Akasema, "Otmari, siku ile ya usaili wako, tulikuwa tumeshakubaliana kabla hujaingia. Mama mwenyekiti alisema huyu kijana tusimwongezee msiba juu ya msiba." Nikacheka. Nikanyanyua chupa yangu ya soda. Nikamwambia, "Mungu awabariki, mzee." Nikarudi nyumbani nikasema tumbo linaniuma, nikalala na viatu.

Wewe ulikuwa darasa la pili mwaka ule. Hadithi ya utani wangu nilianza kukusimulia ulipoingia la tatu. Umeelewa? Nilikuwa nimeshajua. Nilikaa nawe kibarazani, ukiwa na meno mawili yaliyong'oka, nikakusimulia jinsi baba yako alivyowashinda kwa ulimi wake. Nilitaka angalau mtu mmoja duniani aamini kwamba nilishinda, na wewe ulikuwa mdogo na uliniamini. Nisamehe. Sikufikiri kwamba siku moja utaibeba hadithi hiyo mpaka Dodoma uiweke mezani mbele ya watu wasio na sababu ya kukuhurumia.

Na si hilo tu lililoharibika. Mara mbili ilitangazwa nafasi ya mkuu wa stoo. Mara zote mbili bosi aliniletea fomu mwenyewe. Nikakataa. Nilimwambia mama yako kwamba vyeo vinaleta maadui, na yeye mpaka leo anawaambia watu mume wangu hapendi makuu. Uongo mtupu, nilikuwa nayapenda mno. Ila ungefanyika usaili, na safari hii asingekufa mtu, na ningejua mimi ni nani. Nilistaafu kwenye kiti kilekile nilichopewa kwa huruma. Vijana niliowafundisha kujaza kadi walikuja kunisainia likizo.

Najua utataka kunitetea. Utasema, baba, ulifanya kazi miaka yote ile na stoo yako haikupungukiwa hata msumari. Ni kweli haikupungukiwa. Lakini kuna siku nikiwa peke yangu katikati ya mashelfu nilikuwa nasema kwa sauti yale maswali matatu na kuyajibu upya. Mtu mzima, na funguo kiunoni.

Basi kama unataka ushauri wa usaili kutoka kwangu, huu ndio nilio nao, umechelewa na ni mdogo. Juzi nimekusikia bafuni ukijiuliza udhaifu wako ni nini, ukajijibu kwamba unafanya kazi mpaka unasahau kula. Mwanangu, wewe? Wewe ambaye chapati ya mdogo wako haipoi mezani? Hao wasaili wamelisikia jibu hilo tangu asubuhi, na wewe utakuwa wa kumi kulisema. Udhaifu wako tunaujua humu ndani. Mtu mkubwa akikunja uso, unameza maneno. Unaweza kuwa na jibu lote kichwani, akikunja uso tu, kwisha. Waambie hivyohivyo. Waambie lilikutokea kwenye chumba kama hicho, na waambie umefanya nini tangu hapo.

Wakikuomba mfano wa kazi uliyoifanya, usiwatolee ya kwenye vitabu. Unakumbuka yule mama aliyekuja steshenari na barua ya mahakama mkononi, akadhani ni wito wa kikundi cha akina mama, kumbe ni mumewe anadai watoto? Ulinisimulia ukiwa unaosha vyombo, kama jambo dogo. Ulifunga mlango, ukawaacha wateja wa fotokopi nje wakigombana, ukamsomea yote. Hukumrukia hata mstari. Alipolia ulimsubiri, halafu ukamsomea tena pale palipotaja tarehe, ili asije akakosea siku. Mwenye steshenari alikugombeza kwa kufunga mlango. Kandida, unaomba kazi ya ustawi wa jamii. Huo ndio ustawi wa jamii. Hao wenye shahada kama yako watakariri sheria, nawe uijue, lakini hilo ulilifanya bila kuajiriwa na mtu.

Usipolijua jibu, sema hulijui. Wakikuuliza kwa Kiingereza na ukakwama, omba swali lirudiwe, hakuna aliyefukuzwa kwa kuomba kurudiwa. Na usimdharau aliyekaa nawe kwenye benchi. Akikufundisha kitu, muulize jina.

Sasa nifike nilikokuwa nakwepa.

Si ngiri.

Tulikuambia maumivu yangu ya tumbo ni ngiri, itakatwa mwezi ujao, na wewe ukanitania kwamba nimebeba sana magunia. Daktari wa hospitali ya misheni ameniambia wiki tatu zilizopita kwamba ni uvimbe kwenye utumbo, mbaya, na picha inaonyesha umeshagusa ini. Hakunificha, namshukuru. Amesema atafungua aone. Akikuta unaondoleka ataondoa. Akikuta umeenea, atafunga hapohapo, na tutarudi nyumbani. Na kwa hali ya moyo wangu, amesema, kuna uwezekano pia nisiamke mezani. Amesema hivyo mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, mama yako akatazama dirishani. Upasuaji ni Jumatatu, saa tatu asubuhi. Ndiyo, Jumatatu hiyohiyo ya usaili wako. Niliomba Alhamisi, akasema tumeshachelewa kutosha.

Jumapili iliyopita, ulipokwenda mazoezi ya kwaya, shangazi yako Filomena alikuja na wazee wawili wa ukoo. Walikaa hapa hapa. Shangazi akasema, "Mtoto ameshapita mchujo, watu mamia kwa mamia wameachwa, yeye amepita. Asiambiwe kitu mpaka atoke chumbani mle. Na ikitokea la kutokea, tutampigia tuseme baba amezidiwa kidogo, arudi." Wote wakaona ni busara. Mama yako akalia kimyakimya, akaona ni busara. Wakanigeukia mimi. Mimi, Kandida, niliyepiga kelele mpaka uani. Nikatikisa kichwa kukubali.

Sijui kwa nini nilikubali. Nilichoka. Na pia niliwaona wananipenda, na wewe wanakupenda. Shangazi yako si mtu mbaya. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitano siku ile nilipoingia uani na kanga ya mama mkononi. Ndiye aliyeinuka mkekani akaja kunishika, na bado anaamini walifanya vizuri.

Nimelifikiria hili kila upande. Inawezekana nakuandikia kwa sababu naogopa tu, sitaki kuingia mle ndani na wewe hujui. Huo ni ubinafsi na sitaukana. Inawezekana ukisoma haya utafika Dodoma macho yamevimba, utaingia mbele ya jopo na kichwa kimejaa baba, utakosa kazi uliyoitafuta miaka minne, na miaka minne mingine utakuwa unaandikia wengine barua za maombi pale Majengo. Nikifa nitakuwa nimekunyang'anya vyote viwili. Shangazi akijua nimekuandikia hatanisalimia, na huenda ana haki.

Lakini najua upande mwingine wake ulivyo. Ukiipata kazi hiyo Jumatatu wakati sisi huku tumekaa na siri, utaishi nayo kama mimi. Kila utakaposaini karatasi utajiuliza siku ile ilikuwaje, nani alijua, nani alikuchekea huku anajua. Utakuwa na mshahara na hutakuwa na siku yenyewe. Sitaki upate kazi kwa namna niliyoipata mimi. Afadhali uikose ukiwa unajua kila kitu.

Nataka uende. Naliandika hili wazi ili usije ukashuka Njombe ukidhani ndivyo baba alivyotaka. Ukishuka na kurudi, nitakupokea na sitakuuliza. Ila mimi nataka uende, na si kwa sababu ya kazi peke yake. Nataka Jumatatu asubuhi, wakati mimi nimelala kwenye kile kitanda chenye magurudumu, niwe na mtu wangu mmoja aliyeketi kwenye benchi lake akiwa hajadanganywa na mtu yeyote.

Ukiwa na hofu, na utakuwa nayo, usiifiche kwa kuchekacheka kama mimi. Kaa nayo. Na kama wakikuuliza habari za nyumbani, sema baba yangu yuko chumba cha upasuaji sasa hivi, mimi nimekuja kufanya usaili, naomba tuendelee. Usiseme ili wakuonee huruma. Wala usiape kwamba wote wazima. Kama hawakuuliza, usiseme, si lao.

Nakupenda. Sikuzoea kuliandika neno hili, kwenye kadi za stoo halikuwa na nafasi yake. Ulipozaliwa nilikuita mama kabla hata ya ubatizo, na mara nyingi nikikuita hivyo nilikuwa naita watu wawili. Leo nakuita wewe peke yako.

Kitu cha mwisho. Leo mchana, ulipokuwa unapiga pasi, nilimwita mama yako jikoni nikamwambia simo tena kwenye makubaliano ya Jumapili. Nikamwambia, nikifia mezani, akupigie wewe kwanza, kabla ya shangazi, kabla ya padri, na aseme neno lenyewe, asiseme nimezidiwa. Akaniuliza, "Hata akiwa mlangoni anaitwa?" Nikamwambia hata akiwa mlangoni. Alikaa chini kwenye kigoda. Alilia, akafuta uso na pembe ya kitenge, akaniapia. Mama yako hajawahi kuvunja kiapo, unamjua.

Umepangiwa saa nne. Simu zinakusanywa na mlinzi kabla ya kuingia, wewe mwenyewe uliniambia. Iache wazi mpaka dakika ile. Ikiita na ni mama yako, pokea, na utakalolichagua hapo, kuingia au kurudi, litakuwa lako na mimi nimelibariki tangu sasa. Usipofika kunizika, mimi sitajua. Utakayejua ni wewe, kwa hiyo chagua kwa ajili yako.

Na isipoita, usikae pale ukijiuliza wanakuficha nini. Hakuna anayekuficha. Isipoita, niko hai. Mkabidhi mlinzi simu yako, uingie.

Baba yako,
Otmari